Mwongozo kamili wa kupanga safari ya mbizi kutoka Uganda: upepo, mwezi na mlima wa kurudi nyumbani

Pasaka ya kwanza niliyoshuka pwani na cheti kipya cha kupiga mbizi, nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa bahari. Tiketi nilikata mapema, ruhusa kazini niliomba tangu Januari, miwani ya mbizi ilikuwa bado inanukia duka. Tulipozama, nilinyoosha mkono mbele yangu nikaona vidole vinafifia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano mfululizo na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliporudi chomboni nikamuuliza nahodha, "Mzee, huwa hivi kila siku?" Akanijibu kwa upole, "Hapana, mwanangu. Umekuja masika, tena bamvua. Rudi Februari, utaona." Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida.

Nilirudi Februari, nikaona. Tangu siku hiyo sikati tiketi kabla ya kutazama mambo matatu: upepo wa msimu, umri wa mwezi, na safari ya kurudi. Hilo la tatu watu wa pwani hawana haja ya kuliwaza sana. Sisi wa Uganda ndilo la kwanza.

Hatua ya kwanza: hesabu kuanzia siku ya kurudi

Sisi tunaishi juu. Kampala iko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hata ukisimama ufukweni Entebbe, maji ya ziwa yenyewe yako mita 1,134. Mpiga mbizi wa Mombasa akitoka majini anakwenda zake nyumbani. Mganda akitoka majini ana mlima wa kupanda.

Ukiwa chini ya maji unavuta hewa yenye mgandamizo, na naitrojeni iliyomo inayeyuka mwilini. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi, lakini haiishi yote siku hiyo unapovua mtungi. Inaendelea kutoka kwa masaa mengi. Ukienda mahali penye hewa nyepesi kabla haijatoka vya kutosha, inageuka mapovu ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa baada ya kutikiswa. Mapovu hayo ndiyo yanayoleta maumivu ya viungo, ganzi, na hali ikiwa mbaya, kupooza.

Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, unasema usubiri angalau masaa 12 kabla ya kuruka kwa ndege ikiwa umepiga mbizi moja tu isiyo na vituo vya lazima wakati wa kupanda. Kama umepiga mbizi kadhaa, au umepiga kwa siku kadhaa, subiri angalau masaa 18. Mbizi zenye vituo vya lazima zinataka muda mrefu zaidi ya huo. Mimi huweka masaa 24 kwa kila safari na sijawahi kujuta kupoteza mbizi moja ya alasiri.

Wengi wetu huamini kanuni hiyo ni ya ndege tu, basi halihusiki. Hapa nawasihi msikilize vizuri. Hewa ndani ya ndege ya abiria hushikiliwa kwa kawaida kama vile uko kwenye mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Basi la kutoka Mombasa linafika Nairobi, karibu mita 1,700, kisha linaendelea kupanda. Likishika njia ya Eldoret kuelekea Malaba, linapita Timboroa, ambako barabara iko juu ya mita 2,700. Yaani basi linakupandisha juu kuliko ndege, tena polepole, usingizini, bila mtu wa kukuuliza lini ulitoka majini.

Rafiki yangu mmoja alitoka majini saa tisa alasiri, akapanda basi saa moja usiku. Walipopita Nakuru kiwiko kilianza kumuuma na vidole kufa ganzi. Alifika Kampala akaenda zahanati, akapewa dawa ya malaria bila kupimwa, kwa sababu kwetu mtu mwenye uchovu na maumivu ya viungo huambiwa ni malaria. Siku mbili zilipita kabla ya kumpata daktari aliyemuuliza alikuwa wapi. Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi. Ni kwamba hakusema, na wao hawakuwaza.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika kwanza saa ya kuondoka pwani, si saa ya kufika Nairobi. Tuseme ndege yako inaruka Jumanne saa tisa alasiri. Rudi nyuma masaa 24: Jumatatu saa tisa alasiri uwe umeshatoka majini kwa mara ya mwisho. Basi Jumatatu una mbizi za asubuhi tu. Kama ni basi la usiku linaloondoka Jumanne saa moja, hesabu ni ileile. Treni ya Mombasa kwenda Nairobi nayo ni kupanda. Kulala Nairobi usiku mmoja hakukuondoi kwenye hesabu, kwa sababu umeshapanda.

Siku hiyo ya mwisho isiyo na mbizi usiione hasara. Mombasa kuna Fort Jesus, Watamu kuna magofu ya Gede, Unguja kuna kima punju wa Jozani na vichochoro vya Mji Mkongwe. Wengine tulijua uzuri wa pwani siku tulizolazimika kukaa nchi kavu.

Hatua ya pili: chagua upepo

Pwani yetu ya Afrika Mashariki haihesabu misimu kwa mvua peke yake kama tunavyofanya bara. Inahesabu kwa pepo mbili kubwa, zilezile zilizoleta na kurudisha majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi.

Kaskazi hushika kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Maji huwa na joto, nyuzi 27 hadi 29 na wakati mwingine zaidi kidogo, na macho hufika mbali. Januari upepo unaweza kuwa mkali na kuchafua uso wa bahari, hasa alasiri. Februari na nusu ya kwanza ya Machi ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote, kwani upepo umechoka, bahari imelala, na mvua bado.

Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei ni masika. Mvua yenyewe haimdhuru mpiga mbizi. Kinachomharibia ni mito. Sabaki unamwaga karibu na Malindi, Rufiji unamwaga mkabala na Mafia, na maji yao mekundu husambaa mbali. Vituo vingi vya mbizi hufunga kipindi hiki kupaka boti rangi na kutengeneza injini, na Watamu wengine hukaa wamefunga miezi kadhaa. Ukikuta bei nzuri mno ya Mei, sababu ndiyo hiyo.

Kusi hushika baada ya hapo hadi karibu Septemba. Upepo huwa na nguvu, mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini huongeza kasi, na maji hupoa hadi nyuzi 24 au 25 mwezi Agosti. Ni msimu wa kuchagua upande. Unguja, kwa mfano, ufukwe wa mashariki hupigwa na mawimbi, huku Kendwa na Mji Mkongwe upande wa magharibi kukiwa na kinga. Lakini kusi ina zawadi yake: kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa. Kuna siku unasikia sauti zao ukiwa chini ya maji, hata kama hutawaona. Kwa sauti hiyo mimi niko tayari kuvumilia baridi na boti inayorukaruka.

Kati ya kusi na kaskazi kuna maleleji, Oktoba na Novemba, upepo unapokosa mwelekeo. Maji hutulia na kuanza kung'aa. Mvua za vuli zipo, ila mara nyingi ni za kupita. Mafia huu ndio mwanzo wa msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe vidogo vinavyoelea na hana habari na binadamu. Huonekana upande wa magharibi wa kisiwa, karibu na Kilindoni, hadi Februari au Machi. Mara nyingi huogelewa naye juujuu kwa miwani na mrija tu, kwa hiyo hata mwenzako asiye na cheti anaweza kwenda.

Hatua ya tatu: linganisha na likizo za Uganda

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, kwa sababu likizo zetu hazikupangwa na mvuvi.

Likizo ndefu ya shule, Desemba na Januari, inaangukia kaskazi. Ni nzuri, ila wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya pwani imejaa na bei zimepanda. Ukiweza ngoja baada ya tarehe 5 Januari. Likizo ya Mei ni masika, iache. Likizo ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba ni kusi inayoanza kulegea: baridi kidogo, nyangumi wapo, na ukichagua upande wenye kinga utafurahi.

Kwa asiye na watoto wa shule, sikukuu za taifa ni bora zaidi. Tarehe 26 Januari, 16 Februari na 8 Machi zote zimo ndani ya kaskazi. Tarehe 9 Oktoba, siku ya Uhuru, ipo kwenye maleleji. Sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, ongeza siku mbili au tatu za ruhusa na una safari kamili.

Sasa Pasaka na Idi, nazo zinakwenda na mwezi, na mwezi ndio unaoendesha maji. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu baada ya siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Maana yake Ijumaa Kuu haiwi mbali na mwezi mpevu, na mwezi mpevu wa majira hayo huleta bamvua kubwa kuliko kawaida ya mwaka. Weka masika juu yake, ndipo utaelewa vidole vyangu vilipotelea wapi. Idi ul-Fitri ni mwezi mwandamo, kwa hiyo nayo ni bamvua. Idi ul-Adha, tarehe 10 Mfunguo Tatu, inaangukia karibu na maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu. Ikitokea imeingia kwenye msimu mzuri, hiyo ni safari ya kupigania.

Hatua ya nne: soma mwezi

Kwa wasomaji wenzangu waliokulia kando ya Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, tuliozoea maji yanayokaa pale yalipo, hili ni somo jipya. Bahari ya Hindi hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa pwani ya Mombasa na Unguja hufika kama mita 4. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, karibu tarehe 7 au 8 na 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu, tofauti hupungua sana. Hayo ni maji mafu. Wavuvi hawana haja ya jedwali. Wanahesabu siku za mwezi kwa vidole, na mara chache hukosea.

Maji mengi yakitembea kwenye nafasi ileile ya muda, lazima yakimbie. Ndiyo maana siku za bamvua mikondo huwa mikali, hasa kwenye milango ya miamba, ambako maji ya ndani hutokea kwenda bahari kuu. Maji yanapopwa hubeba mchanga na takataka za maji ya ndani, hivyo mlango uliokuwa na macho (umbali wa kuona) ya mita 25 asubuhi unaweza kuwa na mita 8 alasiri. Maji yanapojaa huleta maji safi ya bahari kuu ndani. Kumbuka hili hata ukisahau mengine: kwenye mlango wa mwamba, zama maji yakijaa. Mlango wa ghuba ya Chole kisiwani Mafia ni mfano mzuri, na viongozi wa pale hupanga siku nzima kuufuata.

Kama una cheti cha kwanza na mbizi chini ya 20, panga siku zako, tuseme nne, ziwe katikati ya maji mafu. Tafuta tarehe ya nusu mwezi, uifanye siku ya pili ya mbizi zako, basi siku zote nne zitakuwa na maji ya upole. Kama una uzoefu na unataka kubebwa na mkondo kando ya kuta za Pemba, ambako bahari kati ya kisiwa na bara inashuka mamia ya mita, bamvua inaweza kukupa raha ambayo maji mafu hayana. Lakini usiende Pemba kujifunza mkondo. Nenda ukiwa unaujua.

Kuna jambo dogo la saa. Jedwali la maji hutumia saa za kizungu, sisi tunasema saa za Kiswahili, na Luganda nacho huhesabu kama sisi. Jedwali likiandika 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi. Siku za bamvua kujaa huangukia karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Nimemwona mtu mzima akikaa ufukweni Diani akisubiri boti ilhali maji yalikuwa yameshakauka hadi mwambani, kwa sababu alichanganya saa hizo mbili.

Hatua ya tano: kama unataka kubaki nyumbani, lijue ziwa

Si kila mtu ana nauli ya pwani, na mazoezi kati ya safari ni muhimu. Ila ziwa si bahari ndogo, na nitasema wazi: kwa mpiga mbizi mpya naona bwawa la kuogelea Kampala ni bora kuliko ziwa lolote, mpaka awe na kiongozi anayelijua eneo.

Tuanze na hesabu. Juu ya Ziwa Viktoria hewa ina uzito pungufu, kama asilimia 88 ya ule wa baharini. Mwili haupimi mita, unapima mgandamizo ulivyobadilika kulinganisha na hewa ya juu. Kwa hiyo mbizi ya mita 18 ziwani ihesabu kama mita 20 na nusu. Ziwa Bunyonyi, lililo karibu mita 1,960, hewa ni kama asilimia 80, na mita 18 zihesabu kama 22 na nusu. Majedwali ya kawaida yametengenezwa kwa usawa wa bahari na hayafai kutumiwa hivihivi juu ya mita 300. Weka kompyuta yako ya mbizi kwenye hali ya mwinuko, au hakikisha inajirekebisha yenyewe, kabla ya kuingia majini. Panda taratibu kuliko ulivyozoea. Na kama umetoka usawa wa bahari ukapanda hadi Bunyonyi siku hiyohiyo, pumzika masaa 6 kabla ya kuzama.

Kisha msimu. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua hushusha udongo na maji ya mitaro ziwani. Juni hadi Agosti ni kiangazi, lakini upepo wa kusini mashariki hulikoroga ziwa na kulisukuma kwenye fukwe za kaskazini, yaani kwetu. Desemba hadi Februari ndiyo naona afadhali, ingawa jua na utulivu huo pia huotesha mwani wa kijani. Usitarajie macho ya mbali. Karibu na miji na ghuba zenye mafunjo, macho ya mita 2 ni ya kawaida. Nje ya visiwa vya Ssese, kwenye miamba, unaweza kupata zaidi.

Radi ya ziwa inataka heshima ya pekee. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo hutoka kila upande wa nchi kavu kwenda ziwani, hukutana katikati na kuinua mawingu mazito. Ndiyo maana dhoruba za ziwa hupiga sana usiku na kabla ya mapambazuko, na upande wetu wa kaskazini magharibi unaweza kuzipokea asubuhi. Sikiliza utabiri rasmi wa hali ya hewa, kisha uliza wavuvi wa Kasenyi au Ggaba waliorudi alfajiri. Wakikuambia leo hapana, hakuna mjadala. Vaa jaketi okozi ukiwa botini hata kama unajiona samaki.

Kichocho kipo Ziwa Viktoria, kipo kweli, na dakika chache za ngozi majini zinatosha. Kinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya kina kifupi, na mchana wa jua ndio saa zao za kuachia vijidudu. Kwa hiyo usiingie kwa kutembea kutoka ufukweni kwenye mafunjo. Ingia kutoka botini, mbali, kwenye kina na miamba. Suti ndefu husaidia kupunguza lakini haizuii yote, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini nenda ukapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa na haina nguvu kwa michanga, ndiyo sababu ya kungoja wiki hizo. Bunyonyi husifiwa kuwa halina kichocho, mamba wala kiboko, na nimeogelea humo kwa amani. Hata hivyo hupima, kwani kipimo hakigharimu kama ugonjwa.

Mamba na kiboko: sehemu yenye mafunjo, mdomo wa mto, au ghuba ambayo wenyeji hawachoti maji, usizame. Uliza kijiji kwanza, si ofisi ya watalii. Na beba kisu au mkasi, maana nyavu zilizotelekezwa ni hatari kubwa ziwani. Za nailoni nyembamba huzioni hadi zimekushika. Jinja, karibu na chanzo cha Nile, mkondo na mabwawa ya umeme hayafai kwa mbizi ya kujifurahisha.

Hatua ya sita: zungumza na kituo kabla ya kulipa

Piga simu, usitume ujumbe tu. Sauti ya mtu hueleza mengi. Msalimie vizuri, kisha muulize: tarehe hizi maji yatajaa saa ngapi? Wiki hiyohiyo mwaka jana macho yalifika wapi? Upepo ukikataa, mnahamia mwamba gani? Mna oksijeni botini, na nani amefundishwa kuitumia? Chemba ya mgandamizo iliyo karibu, ile ya kumtibu aliyepata mapovu mwilini, iko wapi, na mmethibitisha lini kwamba inafanya kazi? Anayejibu la kwanza bila kufungua kitabu ni mtu wa bahari. Anayekwepa la mwisho, muache hata kama bei yake ni nusu.

Omba pia mbizi ya kwanza iwe nyepesi, ndani ya mwamba. Sababu ni risasi za mkanda, yaani vyuma vizito vinavyokusaidia kuzama. Ukijifunzia bwawani Kampala umejifunzia maji baridi yasiyo na chumvi, na bahari hukuinua zaidi. Mwili na vifaa vikiwa kilo 100 kwa jumla, ongeza kati ya kilo 2 na 3 za risasi. Wengi wetu tumehangaika juu ya maji dakika kumi tukidhani tumesahau kila kitu, kumbe ni chumvi tu.

Hatua ya saba: afya na mzigo

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Uganda kwenda Tanzania na Zanzibar. Chanja angalau siku 10 kabla. Kenya unaingia kwa kitambulisho cha taifa, Tanzania chukua pasipoti.

Mafua na mbizi havipatani. Vumbi la Kampala la Januari hutuziba pua wengi. Kama huwezi kusawazisha masikio ukiwa umekaa kitini, hutaweza kwenye mita 5. Kama unatumia dawa ya kinga ya malaria, mwambie daktari kwamba unapiga mbizi, kwani meflokwini inaweza kuleta kizunguzungu na fadhaa ambazo chini ya maji ni hatari. Bima ya kawaida ya safari nyingi haigharamii chemba. Tafuta inayotaja mbizi kwa jina.

Suti ya milimita 3 inatosha kaskazi. Kusi beba ya milimita 5 na koti la upepo la botini. Maji ya kunywa mengi, kwani mwili mkavu hutoa naitrojeni vibaya.

Na kabla hujaondoka nyumbani, andika kwenye kipande cha karatasi, uweke pochini pamoja na kitambulisho: nimepiga mbizi, tarehe hizi, mbizi ya mwisho nilitoka saa fulani, kina mita kadhaa. Jaza karatasi hiyo jioni ya mwisho. Ukirudi Kampala ukaumwa na kiungo, ukapata ganzi, upele wa ajabu, au uchovu usioeleweka ndani ya siku mbili, mpe daktari karatasi kabla hajaandika chochote, na umwombe oksijeni safi wakati simu zinapigwa. Kipimo cha malaria kifanyike pia, bila shaka. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.